Marathoni ya muvi kuchangia utafiti wa demensia: mwongozo kamili, kuanzia kamati mpaka risiti

Niseme mapema ili msije mkanilaumu: muvi zenyewe hazileti hela. Mwaka jana tulikaa masaa 12 kwenye ukumbi mmoja Tabata, muvi tano, viti 90, na hela ya tiketi baada ya kulipa ukumbi, projekta na mafuta ya jenereta ilibaki kiasi cha kununulia soda za kamati. Kilichotuokoa ni mapumziko. Kwenye mapumziko ndo watu walikula mihogo, wakagombania keki kwenye mnada, wakasimama na simu mkononi wakilipa ahadi zao, na ndo huko huko jirani yetu, ambaye mwaka mzima alikuwa anasema mama mkubwa wangu mimi, mwenye demensia, karogwa, alinivuta pembeni akaniuliza hivi huu ugonjwa unaanzaje. Kwa hiyo panga mapumziko kwanza, muvi utazichomeka katikati.

Kabla ya yote, jua hela inaenda wapi

Hatua hii watu wengi wanairuka, wanachangisha kwanza halafu ndo wanaanza kuulizana tumpelekee nani. Usifanye hivyo. Siku ya kwanza tu ukitupia tangazo kwenye group, mtu wa tatu kukomenti atauliza "utafiti gani huo, kwa nini wasinunue dawa?" na ukijiumauma hapo umeshampoteza.

Jibu fupi ni hili. Demensia ni jina la jumla la magonjwa yanayoharibu ubongo kidogo kidogo mpaka mtu anapoteza kumbukumbu, maneno, njia ya kurudi nyumbani. Linaloongoza ni Alzheimer, limepewa jina la daktari wa Kijerumani aliyelielezea mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa nayo, na zaidi ya asilimia 60 wako nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu huku. Dawa ya kuiponya haipo. Kuna dawa mpya za kupunguza kasi ya Alzheimer zilizoanza kuruhusiwa Marekani, kama lecanemab mwaka 2023, ila hizo kwa kawaida zinaanzwa kwa dripu na mgonjwa anafuatiliwa kwa picha za ubongo za MRI, sasa wewe piga hesabu ni mzee gani wa kijijini atafikiwa na kitu hicho leo.

Jibu refu, na hili ndo ninalolipenda, ni habari ya Hai. Watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, na wenzao wa Newcastle, Uingereza, walizunguka vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakawapima wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea, na matokeo yaliyotoka mwaka 2013 yakakadiria kama wazee 6 katika kila 100 wana demensia. Lakini shida ikawa kwenye vipimo vyenyewe. Vipimo vya Ulaya vinamtaka mzee aandike sentensi au achore saa ya mshale, na bibi ambaye hajawahi kushika kalamu atafeli hata kama akili yake inachana kama wembe. Ndo wakatengeneza kipimo kinaitwa IDEA, humo ndani kuna zoezi la njiti za kiberiti: mpimaji anapanga njiti chache mezani, mzee anaiga. Hakuna kalamu wala karatasi, na njiti hakuna nyumba inayozikosa. Baadaye Hai hiyo hiyo wakajaribu vikao vya kuchangamsha akili, vikundi vidogo vya wazee, vikao 14 ndani ya wiki 7, kuongea, kuimba, kukumbushana mambo. Sasa utafiti wa namna hii ndo ambao mchango wa watu wa mtaani, tuseme laki nane, unaonekana. Maabara kubwa za ng'ambo laki nane yako ni tone baharini.

Kwa vitendo: piga simu au nenda mwenyewe ofisi ya utafiti ya hospitali au chuo ulichokichagua, uliza mambo manne. Je, wanapokea michango midogo? Akaunti iko kwa jina la taasisi? (Ukipewa namba ya simu ya mtu binafsi, ondoka.) Watakupa barua ya kukutambua na risiti? Na la mwisho, wana pengo gani dogo ambalo halina mfadhili, maana mara nyingi ni vitu vya kawaida tu kama nauli za kuwafikia wazee au kuchapisha fomu. Ukishapewa hilo pengo, tangazo lako limeshajiandika. "Tunachangia utafiti" haimtoi mtu buku, ila "tunachangia nauli za wapimaji kuwafikia wazee vijijini" inamtoa.

Kama una ndugu Marekani, kule Alzheimer's Association wana kampeni yao inaitwa The Longest Day, inafanyika mwezi wa sita kwenye siku yenye mwanga mrefu kuliko zote, na kila mtu anachagua shughuli yake ya kuchangishia. Wanaweza kufanya marathoni yao kule, nyie mkafanya yenu huku, mkapigiana video. Lakini hela msichanganye, kila upande upeleke kwake.

Kamati

Watanzania hapa hatuhitaji kufundishwa, tumeshakaa kamati za harusi mpaka tumechoka. Muundo ni ule ule ila kata wajumbe, watano wanatosha: mwenyekiti, mweka hazina, mtu wa ufundi, mtu wa chakula, na mtu wa wazee (huyu nitamwelezea chini). Mweka hazina asiwe rafiki yako kipenzi, awe yule dada au kaka mnoko anayeandika hata mia mbili ya maji. Vikao viwe vya WhatsApp, mkutane uso kwa uso mara mbili tu. Kamati ikianza kula bajeti kwenye vikao mmekwisha.

Tarehe

Septemba ni mwezi wa Alzheimer duniani na tarehe 21 ndo siku yenyewe, kwa hiyo kila mtu anakimbilia tarehe 21. Kosa. Tarehe 21 mtu hana kitu, mshahara wa mwezi uliopita umeisha na mpya haujaingia. Sogeza mpaka Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Halafu angalia ratiba ya ligi kabla hujalipia ukumbi, maana siku Simba na Yanga wanakutana hata MC wako hatakuja. Angalia pia Ramadhani na Maulid zimeangukia wapi mwaka huo, na msimu wa michango ya harusi. Jipe wiki nane za maandalizi. Sita inawezekana ila utanuna kwa kila mtu.

Vibali na haki za muvi, msipite haraka hapa

Anza na mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji wa kata, nenda na barua yako na ile ya taasisi, waambie ni onyesho la muvi la kuchangisha fedha, siku gani, watu wangapi, mwisho saa ngapi. Wao ndo watakuelekeza kibali gani kinatoka wilayani. Nenda mapema, usiende wiki ya mwisho.

Upande wa muvi, hili watu wanajidanganya sana: kulipia Netflix ya nyumbani au kununua diski hakukupi ruhusa ya kuonyesha ukumbini, hata kama hela yote inaenda kwenye wema. Kuonyesha hadharani ni haki nyingine, unaiomba kwa mwenye muvi, na hapa nchini kuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inayosimamiwa na COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, na kuna Bodi ya Filamu inayohusika na ruhusa za kuonyesha na madaraja ya umri. Zile muvi za DJ zilizotafsiriwa za banda umiza ndo kabisa usiziguse, najua zinachekesha, najua bei yake, ila ukichangisha hela za ugonjwa kwa kazi ya wizi siku ikibumburuka inaichafua na ile taasisi uliyoibebea jina.

Njia rahisi ambayo sisi tuliifuata ni Bongo Muvi. Tuliwaandikia maprodyuza wanne ujumbe mfupi, tukaeleza shughuli, tukaambatanisha barua. Wawili walikubali bure kwa maandishi, mmoja akataka kidogo, mmoja hajajibu mpaka leo. Na wale wawili wakaja wenyewe, wakapiga picha na watu kwa buku mbili mbili, hela ambayo hatukuiweka hata kwenye bajeti. Kwa muvi za nje andikia msambazaji, eleza idadi ya viti, usishangae ukipewa bei.

Uchague muvi gani

Kishawishi kikubwa ni kuweka muvi tano zote za wagonjwa wa demensia. Mimi nakataa. Moja tu, na iwe ya nne, jioni, watu wakiwa wameshazoeana. Kuna The Father ya mwaka 2020, iliyompa Anthony Hopkins Oscar, ni dakika 97 tu na imepigwa kwa namna ambayo wewe mtazamaji unachanganyikiwa pamoja na mzee mwenyewe, hujui nyumba ni ya nani wala saa ngapi. Ile inatosha. Ukiongeza ya pili ya hivyo watu wataondoka wamenyong'onyea na mtu aliyenyong'onyea hanunui keki.

Nyingine ziwe za kucheka, moja ya familia watoto wakae, na ya mwisho usiku iwe ya ngumi au ya mashaka ili watu wasisinzie. Zote ziwe chini ya masaa mawili. Hakikisha zimeruhusiwa kwa umri wa watu watakaokuwepo saa hiyo.

Ratiba

Hii ndo ya kwetu, muvi za kama dakika 100 kila moja, unaweza kuiiba:

Saa 3:00 asubuhi, kufungua
Saa 3:20, kipindi cha wazee (tunakihesabu kama muvi ya kwanza)
Saa 5:00, mapumziko
Saa 5:40, muvi ya familia
Saa 7:20 mchana, chakula, lisaa lizima
Saa 8:20, muvi ya kucheka
Saa 10:00, mapumziko na mnada wa kwanza
Saa 10:40, ile ya demensia
Saa 12:20 jioni, mapumziko na mnada mkubwa
Saa 1:00 usiku, ya ngumi
Saa 2:40, kutangaza hela, saa 3:00 watu nyumbani

Mkiangalia vizuri mtaona mapumziko yamekaa kwenye swala: chakula kinashika Adhuhuri, saa kumi inashika Alasiri, na ile ya saa 12:20 inashika Magharibi. Tulimuuliza mzee mmoja wa msikiti wa jirani kabla ya kuchapa mabango na yeye ndo alitusogezea dakika kumi.

Kwenye mapumziko ya jioni, mara tu baada ya muvi ya demensia, taa ziwake polepole na daktari au nesi aongee dakika kumi, maswali dakika kumi, halafu mnada. Dakika kumi kweli, sio za mgeni rasmi. Kama itabidi uwe na mgeni rasmi mpe kazi ya kupiga mnada wa keki, wengi wanafurahia zaidi na itifaki inazingatiwa bila hotuba.

Vifaa

Projekta kodi, usiazime ya ofisini ya mtu, taa yake ikiungua mtakosana. Ijaribuni mchana ndani ya ukumbi huo huo, maana projekta inayong'aa sebuleni saa mbili usiku inaweza kuwa kivuli kwenye ukumbi wenye madirisha. Tulitundika khanga na mablanketi madirishani, yakafanya kazi. Ukuta mweupe unatosha, shuka lenye mikunjo halifai. Spika mbili za kawaida za sherehe, ila weka mtu wa kushusha sauti, mafundi wa muziki hawajui kitu kinaitwa sauti ya kati.

Muvi zote ziwe kwenye laptopu NA kwenye flashi, na uzipige zote dakika tano tano siku moja kabla. Usitegemee intaneti hata kidogo. Waya wa HDMI beba mbili.

Umeme. Kwetu ulikatika katikati ya muvi ya tatu, jenereta lilikuwepo lakini lilikuwa mlangoni, ukumbi mzima ukageuka mashine ya kusaga. Liweke mbali, nyuma ya ukuta, nje kabisa kwenye hewa, na ekstensheni ndefu ya kutosha inunuliwe mapema. Mafuta ya masaa manne yawe tayari. Sisi zile dakika 20 za giza tuliuza bisi zote zilizobaki, ila usiipange kama mkakati.

Hela zinaingiaje

Tiketi weka mbili, ya siku nzima na ya muvi moja. Siku nzima elfu kumi, muvi moja elfu tatu, watoto buku. Usipandishe, tiketi ni ya kuwaleta watu tu.

Hela halisi iko kwenye ahadi. Inaenda hivi: mtazamaji anajisajili kama mkimbiaji, anawatafuta watu wake wa kumchangia kwa kila muvi atakayoimaliza bila kutoka. Shemeji anaahidi 2,000 kwa muvi, bosi 5,000, rafiki 500. Ukimaliza zote tano unawadai wote. Tulikuwa na wakimbiaji 14, kila mmoja na kadi yake imechapwa kama kadi ya mchango wa harusi, na kila muvi ikiisha kadi inagongwa muhuri mlangoni. Binti mmoja wa chuo alikuwa na majina 23 kwenye kadi yake, akawa anarusha status kila muhuri, wachangiaji wakaanza kushindana. Wakimbiaji wawape watu wao Lipa Namba moja tu ya shughuli, isajiliwe kwa laini mpya ambayo PIN wanaijua watu wawili, mmoja nusu ya kwanza na mwingine nusu ya pili (tulifanya hivyo kweli, ilikuwa kero na ilikuwa nzuri). Kumbukeni makato ya kutoa hela, yatoeni kwenye hesabu kabla hamjatangaza jumla.

Chakula ombeni kwa mama ntilie wa mtaa kwa makubaliano, asilimia fulani inabaki kwenye mfuko, wasifanye bure kabisa maana nao wana watoto. Mihogo ya kukaanga, bisi, kashata, ubuyu, maji baridi. Kwenye mnada weka vitu vichache vyenye hadithi: keki tatu, jogoo mmoja, jezi. Jogoo wetu aliuzwa mara nne, kila anayemnunua anamrudisha.

Na bandikeni karatasi kubwa ukutani, mweka hazina aandike jumla kila mapumziko kwa maka peni. Mtu akiona imekosa elfu kumi na mbili kufika laki tano, anaitoa.

Wazee wenyewe

Kipindi cha asubuhi ni chao, wenye demensia na wanaowatunza, bure. Asubuhi kwa sababu wengi wakishafika jioni, jua likizama, wanaanza kuhangaika na kutaka kuondoka. Taa zisizimwe zote, sauti chini, hakuna bunduki wala mayowe. Usijaze dakika zote 100. Sisi tuliweka nyimbo za taarabu za zamani na vipande vya muvi za Kihindi tulizopata ruhusa, kwa sababu mzee wa miaka 75 wa Dar ujana wake aliumalizia kwenye majumba ya sinema ya Empire na Avalon, na unaweza ukamkuta amesahau jina la mwanae lakini wimbo wa Raj Kapoor anaumaliza mpaka kiitikio. Mlango mmoja tu uwe wazi na mtu akae hapo. Choo kiwe karibu, kimeandikwa kwa maandishi makubwa. Kila mzee abandikwe karatasi ndogo yenye namba ya simu ya mlezi, ndani ya ukosi, sio kifuani kama mzigo.

Yule mtu wa wazee niliyemtaja kwenye kamati, kazi yake ni hii. Mama mkubwa wangu katikati ya wimbo alisimama akasema anaenda kupika, watoto wanarudi shule. Watoto wake ni watu wazima, mmoja alikuwa amekaa pembeni yake. Mimi nilishafungua mdomo kumwelekeza, dada wa kamati akaniwahi: "Shikamoo mama. Wanarudi saa ngapi leo?" Akasema saa nane. "Basi bado mapema, tumalizie huu wimbo, nami nitakusaidia kumenya vitunguu." Akakaa. Mtafuteni mtu wa namna hiyo, mlipeni nauli.

Jambo moja la kukataza: mtu asijaribu kufanya zile njiti za kiberiti kama mchezo wa jukwaani na wazee. Kile ni kipimo cha wataalamu, na hakuna mtu anayetaka kugundua hali ya mama yake mbele ya watu 90 wanaotafuna bisi. Mwenye wasiwasi aelekezwe hospitali, maana kusahau kunaweza kuletwa pia na vitu vinavyotibika, kama matatizo ya tezi ya shingoni (thairoidi), upungufu wa vitamini B12 au sonona.

Baada ya shughuli

Usiku ule ule hesabuni taslimu watu watatu, piga picha ya hesabu, irushe kwenye group kabla hamjalala. Jumatatu benki, hela iingie akaunti ya taasisi, risiti nayo irushwe. Rudisha projekta na blanketi za watu. Waandikie wenye muvi, waambie wangapi walitazama.

Kuvunja kamati subirini wiki tatu, mpaka ahadi ziingie, na soda za kuvunjia kamati kila mtu ajilipie. Ahadi ambazo hazijalipwa mkumbushe mtu mara mbili kwa ujumbe wa faragha, mara ya tatu acheni. Ya yule bosi wa elfu tano kwa muvi iliingia mwezi wa kumi na moja, na mweka hazina akatulazimisha kupanga foleni benki tena kwa ajili ya elfu ishirini na tano.